Kifuu cha Mwenye Nyumba

Ndugu zangu wa jumuiya, na ninyi majirani wa Visiga, Mbwawa na Msimbu ambao hatusali nyumba moja lakini maji tunachota pamoja, nipeni masikio kidogo. Shule yangu iliishia la saba, kupamba maneno sijui. Hili nililiona kwa macho yangu, na wenyewe wameniruhusu nilisimulie. Walisema, likisaidia nyumba moja, basi halikutupata bure.

Mdogo wangu Silvanus na mkewe Eugenia walihama Visiga wakaenda kukaa Msimbu, kwenye shamba la mikorosho aliloacha baba yetu. Bondeni kwenye shamba lile lilijengwa bwawa zamani. Maji yalipojaa yalikizunguka kilima kidogo, kilele chake kikabaki katikati na mikorosho yake, kisiwa kamili. Bahari iko mbali na sisi, lakini watu wote walipaita Kisiwani.

Silvanus ndiye aliyewaza kuleta wageni. Sisi tulikuwa tumewafuata huko, na mume wangu Telesphory, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, naye akaunda chelezo kwa mbao na mapipa ya plastiki. Akavuta kamba nene kutoka kigingi cha ng'ambo hii hadi kwenye mkorosho wa ng'ambo ile, ili chelezo kivutwe kwa mikono pasipo injini. Huko kisiwani wageni walipanda miti kwa kamba, wakateleza kwenye waya, wakapiga makasia, wakalala kwenye mahema. Walitoka Kibaha, walitoka Dar, na wengine nchi ambazo sijui hata zilipo.

Asubuhi za siku zile bado naziota. Ukungu umelala juu ya maji. Silvanus anakagua maboya ya kuvaa, moja moja. Eugenia anafagia gatini huku anaimba wimbo wa kwaya, na mtoto wao mkubwa, Joel, anaukosea makusudi ili mama yake amkimbize na ufagio. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi za wali wa wageni, na mume wangu kachuchumaa pembeni anasubiri.

"Kuna polepole, Wilhelmina," ananiambia. "Wenzangu wanasubiri wali, mimi nasubiri kifuu. Ukikipasua umeniua."

Vifuu vile vilikuwa na kazi yake. Telesphory alivitoboa kwa msumari wa moto, akavitia kamba, akachora kila kimoja picha yake: samaki, mwezi, kinu, kanga. Kisha akapigilia ubao mkubwa gatini, wenye misumari mistari kwa mistari. Sheria yake ilikuwa fupi. Anayevuka anavaa kifuu shingoni, anayerudi anakitundika msumarini kwake. Msumari mtupu maana yake kuna mtu bado yuko ng'ambo, na chelezo hakifungwi.

Mstari wa juu kabisa ulikuwa wetu wenyewe. Silvanus alichorewa jogoo, kwa sababu ya kelele zake. Eugenia ua, Joel nyota, mimi chungu, na mwenyewe Telesphory akajichorea randa. Binti yao Herieth alipozaliwa, hata arobaini yake haijafika, mume wangu alikwisha kumchorea bata kwenye kifuu kidogo kuliko vyote. Nilimwuliza huyu mchanga anavuka kwenda wapi. Akanijibu kwamba mtu anawekewa msumari kwao kabla hajajua kutembea.

Jioni tulikula sote kwenye sinia moja. Ubao umejaa, tumbo limejaa, tunasali, tunalala. Ndivyo tulivyoishi.

Mume wangu alipofariki, nilibaki Msimbu na ndugu yangu. Kazi ikakua. Eugenia alianza kutangaza Kisiwani kwenye simu, picha zikasambaa, na Jumamosi moja ikawa na wageni kama harusi. Namshukuru Mungu kwa riziki ile, silaumu kazi. Lakini nitawaambieni kilichofuata.

Misumari haikutosha. Siku moja nikamkuta Silvanus anashusha vifuu vya mstari wa juu anavitia kwenye kiroba.

"Unavipeleka wapi?" nikamwuliza.

"Darini. Mstari huu nawapa wageni."

"Na sisi tukivuka?"

Akacheka. "Dada, sisi siyo wageni humu. Mwenye nyumba anahesabiwa na nani?"

Nikamwambia mwenye kuutengeneza ubao ule hakuanza na wageni, alianza na sisi. Akanipigapiga begani kwa upole, akaendelea na kazi yake. Kifuu cha randa tu ndicho alichoniachia, akakipigilia msumari wa peke yake pembeni, kwa heshima ya marehemu.

Sinia nalo likafa. Huyu anakula amesimama, yule anakula akijibu simu, Joel anakula mbio kisha anarudi kwenye kamba zake. Nyumba ilijaa watu ikawa haina mtu. Mnaielewa hali hiyo? Naamini wengine mnayo hivi sasa.

Sasa sikieni habari ya Herieth. Alikuwa na umri wa kwenda shule na kurudi mwenyewe, msemaji, mwenye maringo kidogo. Na mtoto huyu, binti wa mtu ambaye kila Jumamosi alifundisha watoto wa wenzake kuogelea, hakujua kuogelea. Kila alipomwomba baba yake, jibu lilikuwa lile lile: wewe unaishi hapa, maji hayaendi popote, tutajifunza wageni wakipungua. Wageni hawakupungua.

Shoga yangu Mwanakheri, aliyekuwa akituletea mihogo, hakuwa na haya ya kusema. Siku moja alisimama gatini, kikapu kichwani, akamwambia Silvanus kwa sauti kila mtu asikie: "Shemeji, wageni wako wanaogelea kama perege. Binti yako akiona maji anakunja gauni."

Watu wakacheka. Silvanus naye akacheka. Mimi nilimtazama Herieth. Alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu.

Ikafika Jumamosi moja ya vuli. Walikuja wageni na watoto wao wengi kusherehekea kumbukumbu ya kuzaliwa ya mmoja wao. Kila mtoto alivalishwa boya na kifuu. Herieth akapanga foleni pamoja nao. Zamu yake ilipofika akanyoosha shingo.

"Baba, na mimi."

"Wewe ni mwenye nyumba, mama. Vifuu ni vya wageni." Akamnyanyua, akamweka kwenye chelezo hivi hivi, bila kifuu na bila boya, maana maboya madogo yalikuwa yamekwisha. Herieth akawageukia watoto wale akawatangazia: "Mimi sivai, mimi mwenye nyumba." Alisema kwa kujivuna, lakini mkono wake ulikuwa shingoni.

Huko kisiwani walicheza kujificha. Herieth, anayekijua kisiwa kama kiganja chake, alijificha upande wa nyuma, ndani ya hema lililokunjwa nusu. Wenzake walimtafuta wakachoka, wakadhani amekwisha kurudi kwao. Naye kwa joto la mle ndani, usingizi ukamchukua.

Alasiri wingu jeusi likasimama upande wa Mzenga. Silvanus akapiga filimbi, wageni wakavushwa haraka haraka, vifuu vikarudi msumari kwa msumari. Alisimama mbele ya ubao, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Umejaa. "Wote salama," akasema, akakifunga chelezo kwa mnyororo. Wageni wakapanda magari yao, wakaondoka wakipunga mikono, na matone ya kwanza yakaanza.

Nilipakua chakula. Siku hiyo, kwa kuwa mvua ilikuwa imewafungia wote ndani, nikasema moyoni acha nitoe sinia kama zamani. Nikaliweka katikati. Silvanus akaja, Joel akaja, Eugenia akaja na simu yake sikioni. Nikawanawisha mikono. Upande mmoja wa sinia ukabaki wazi.

Nikauliza Herieth yuko wapi.

Eugenia alidhani yuko jikoni na mimi. Joel alidhani yuko chumbani na mama yake. Silvanus aligeuza uso akatazama ubao kupitia mlangoni. Ulikuwa umejaa tele, hakuna msumari hata mmoja mtupu. Alielewa kabla yetu kwamba Herieth hana msumari pale, akatoka mbio.

Tulikimbia wote. Mvua ilikuwa imeshuka kwa nguvu na upepo wake, bwawa limevurugika, mifereji ya shamba yote inamwaga humo. Kisiwa hatukukiona vizuri. Tulichokiona ni kamba. Katikati ya maji, ile kamba ya mume wangu ilikuwa imezama, na pale ilipozamia palikuwa na kichwa kidogo kinachoibuka na kupotea.

Mtoto aliamka kisiwani akakuta kimya. Aliita, mvua ikameza sauti. Akaona chelezo kiko ng'ambo yetu, akaona kamba, akaishika. Akaanza kuja kwetu mkono kwa mkono.

Silvanus aliruka na mtumbwi wa makasia, Joel akabaki anapigana na kufuli la mnyororo. Mimi nikaona kuwa uzito wa mtoto unailegeza kamba, na ikizidi kulegea atazama asiifikie pumzi. Nikamwita Eugenia. Akaitupa simu matopeni, tukaikamata kamba wawili sisi, tukaivuta, tukaizungusha kwenye kigingi, tukaivuta tena. Viganja vilichunika. Nilikuwa nasali Salamu Maria bila kufika mwisho, narudi mwanzo, narudi mwanzo. Kamba ikainuka kidogo. Kile kichwa kikatoka juu ya maji, kikabaki juu. Simu ikawa inaita kule matopeni, mgeni mwingine bila shaka, na Eugenia hakugeuka.

Silvanus alimfikia. Ilibidi avibandue vidole vya mtoto kwenye kamba kimoja kimoja.

Alipomleta gatini alikuwa wa baridi, anatapika maji. Tulimfunika khanga zote za nyumbani. Baba yake amempakata, anarudia jina lake tu. Herieth alipopata sauti, hakulia wala hakulaumu. Alisema taratibu, kama anayemfariji mtu mzima:

"Nilijua ukimaliza na wageni utakuja."

Jamani, nimezika wazazi, nimemzika mume wangu. Sijawahi kusikia kilio kama alicholia ndugu yangu.

Tulimpeleka hospitali, kifua kikamsumbua kwa siku kadhaa, akapona. Mungu asifiwe. Tuliporudi nyumbani, Silvanus alipanda darini akashuka na kile kiroba. Akaufuta mstari wa juu kwa kitambaa, akatundika: jogoo, ua, nyota, chungu. Kifuu cha bata kilikuwa kimeliwa na panya pembeni, rangi imefifia. Alikichora upya yeye mwenyewe. Hana mkono wa Telesphory, bata akatoka kama kuku mgonjwa. Herieth alipokiona akacheka mpaka akakohoa, akakivaa shingoni, na usiku huo alilala nacho.

Jumatatu Kisiwani pakafungwa kwa wageni, na kila Jumatatu tangu hapo. Wapo waliokasirika wakatafuta pengine, na vikundi vikubwa Silvanus alivikataa mwenyewe. Jumatatu ya kwanza aliingia majini na binti yake mpaka kiunoni. Mtoto alimng'ang'ania shingo, hataki hata kulowa magoti. Ilichukua muda mrefu. Baba hakuwahi tena kusema kesho. Siku Herieth alipovuka mwenyewe hadi kisiwani, baba kando yake, Mwanakheri alikuwa gatini na kikapu chake. Alimtazama mpaka akafika, akasema, "Huyu sasa ni perege mwenyewe. Leteni chumvi tumkaange."

Leo Joel ana familia yake Mbwawa. Herieth ni mwanamwali, likizo zikifika ndiye anayevusha wageni, na boya halitoki mwilini mwake wala mwa mtu yeyote. Mimi nimezeeka, kazi yangu ni kukaa karibu na ubao. Na hata sasa nikikuna nazi, mkono wenyewe unakuna polepole.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Enyi wazazi, riziki ni baraka ya Mungu, na mgeni kumpokea ni thawabu. Lakini usimhesabu mgeni ukaacha kumhesabu wa kwako. Mwalimu afundishe na wake, mhubiri asali na wake, mpishi alishe na wake. Mtoto wa nyumbani naye anapotea, tena anapotea kimya kwa kuwa kila mmoja anadhani yuko na mwenzake. Msimwambie "kesho" mtoto anayeomba leo. Rudisheni sinia moja, hata kama ni mara moja kwa siku. Upande ukibaki wazi, mtauona.

Kila jioni, kabla chelezo hakijafungwa, mimi huanza na mstari wa juu. Jogoo yupo, ua yupo, chungu yupo, bata yupo. Nyota ikibaki juma zima haijaguswa, namwambia Silvanus ampigie simu Joel. Mwisho natazama pembeni, kwenye kile kifuu cha randa. Wageni wengine huniuliza kwa nini hakivaliwi na mtu. Nawajibu kwamba mwenyewe ameshavuka na ameshafika kwao. Kisha namwambia Herieth afunge mnyororo.