Maji ya Chumbani kwa Jemima

Jumanne asubuhi godoro la Jemima lilikutwa limelowa, na mama yake, Mbambu, akafikiri kile ambacho kila mzazi angefikiri. Mtoto ana miaka sita, ukojozi wa kitandani umeanzia wapi? Akamgombeza kidogo, akaliburura godoro hadi uani na kuliegemeza ukutani lipigwe na jua. Na jua la Oktoba mjini Lubumbashi halina mchezo. Mvua ya kwanza ilikuwa bado haijagusa mtaa wao wa Bel-Air, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari, na shati ukilianika unalianua kabla chai haijapoa. Lakini godoro lile lilishinda juani mpaka jioni, na Mbambu alipolibonyeza kwa kiganja maji yakachuruzika kati ya vidole vyake. Akanusa. Haukuwa mkojo. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini kabisa, ule ambao haujawahi kuona mwanga.

Mbambu si mwanamke wa kushtuka ovyo. Alikuja na mumewe Muhindo kutoka Butembo miaka kumi na mmoja iliyopita, wakaanza na magunia mawili ya maharagwe, na sasa wanauza sukari na unga kwa jumla. Njiani amekutana na mambo ambayo hata leo hasimulii. Hivyo aligeuza godoro upande wa pili akaendelea na kazi zake. Kilichomsumbua ni kingine: mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yamekauka tangu Jumatatu. Hata tone la kunawia uso halikuwapo. Sasa mtoto amelowa kwa maji gani?

Alhamisi vigae vya chumbani kwa Jemima vikaanza kutoa jasho. Mbambu anapiga deki mbele, maji yanatokeza nyuma yake. Anageuka, yanatokeza pale alipotoka. Na alipoacha kusugua ili apumzishe mgongo, akasikia chini ya sakafu kamba ikilia kwenye gurudumu lake, taratibu, na ndoo ikigonga ukuta wa mawe. Mtu alikuwa anateka maji.

Akampigia simu Muhindo, aliyekuwa Kasumbalesa akisubiri lori lake livuke mpaka.

"Ita plombier, fundi wa bomba," Muhindo alisema.

"Plombier atafanya nini? Bomba iko kavu."

"Lakini maji haiwezi kutoka mu hewa, mama Jemima."

Lakini wote wawili walijua yanatoka wapi. Chini ya chumba kile kulikuwa na kisima. Waliponunua kiwanja, Muhindo alikijaza kisima kifusi, akamwaga saruji juu, akamjengea binti yake chumba. Jirani yao, Mama Delphine, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye reli na ambaye alikunywa maji ya kisima kile tangu utoto, alikuja kuwasihi. Kisima hakifungwi hivyo, aliwaambia. Unakiachia bomba jembamba kipate kupumua, na siku ya kukifunga unasimama hapo na watu wa nyumba yako unakiaga. Muhindo, ambaye ni mkubwa wa kwaya kanisani, alicheka. "Mu nyumba ya Mukristo hatuagake shimo," alimjibu. Mbambu naye alicheka, tena kwa sauti kuliko mumewe.

Jumamosi saa nne asubuhi sakafu ikapasuka. Maji yalipanda baridi, meusi kidogo, yakaingia kwenye korido, yakafika sebuleni. Mbambu akawa anapandisha magunia ya sukari juu ya meza, anakunja mazulia, anang'oa waya za friji, huku akimwita Jemima atoke nje na Jemima hatoki. Na kabla hajapata pumzi, geti likagongwa. Wanawake wa mtaa walikuwa wamepanga foleni na bidoni zao, yale madumu ya njano.

"Mama Jemima, banasema kwako maji inatoka. Tusaidie."

Mtu aliyezaliwa Lubumbashi, penye nyumba ya zamani na kisima cha zamani, pengine angesita. Mbambu hakusita. Kwao Butembo maji hushuka yenyewe kutoka mlimani, na kumzuia jirani kuteka ni aibu ambayo watoto wako wataisikia mpaka wazeeke. Tena hapa angefaidi mara mbili, nyumba ikauke na majirani wapike.

"Ingieni," alisema. "Mubebe yote, muipunguze."

Wakabeba. Waliteka kwa ndoo, kwa sufuria, kwa makopo, wakicheka na kumwombea baraka. Lakini kwa kila bidoni iliyotoka getini, maji yalipanda kidole kimoja. Ilipofika saa saba yalikuwa magotini, na Mbambu akaacha kila kitu akaenda kumtoa mtoto kwa nguvu.

Alimkuta amesimama katikati ya chumba. Maji yalimfika mapajani, na gauni lake lilikuwa kavu. Alikuwa ameinama anazungumza polepole na sakafu.

"Unasema na nani?" Mbambu alinong'ona, wala hakujua kwa nini ananong'ona ndani ya nyumba yake.

"Na mama."

"Mama gani?"

"Ule wa chini. Anasema amechoka kuteka peke yake."

Mbambu alimkamata mkono amvute. Ni mtoto mwembamba, kila siku anambeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikapu. Siku hiyo hakusogea hata unyayo.

Mama Delphine alifika bila kuitwa, na kwa heshima yake hakusema neno kuhusu kicheko cha siku ile. Alikuwa ameshamleta Papa Mukuka, mchimba visima wa Kampemba, mzee mfupi mkavu ambaye amechimba na kufunga visima kuliko anavyoweza kukumbuka. Mzee akavua viatu, akaingia majini, akaweka sikio ukutani.

"Mulimufungia mwenye kisima bila kumuaga," alisema. "Hii tunaweza kuitengeneza. Lakini niambie, maji ilitoka mu hii nyumba?"

"Bantu balibeba, papa. Nilibaambia babebe."

Papa Mukuka akakaa juu ya kitanda. "Ile maji iko yake. Alikuwa anaihesabu humo chini miaka yote. Ikipunguka, anakamata kintu kingine pa mahali pake. Irudishwe yote, mbele ya jua kushuka."

Mbambu akatoka mbio barabarani bila viatu, akawa anagonga mlango hadi mlango, anaomba, anapiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu waliomshukuru asubuhi, na wengine walirudisha bidoni bila kuuliza kwa sababu ya uso wake ulivyokuwa, wengine walinung'unika, mmoja alikuwa ameshafulia na akaja na beseni la maji yenye povu, mwingine alikuja na sufuria ya bukari, yaani ugali, bado ya moto kwa kuwa maji yake yalikuwa humo ndani, na yote, povu na bukari na matone ya vifuniko, yakamwagwa kwenye shimo ambalo Papa Mukuka alikuwa amelifungua kwa nyundo, shimo jeusi lililomeza na kumeza na halikutoa sauti ya kitu kufika chini.

Maji yakashuka. Yakaacha sebule, yakaacha korido, yakaacha chumba. Yalibaki mahali pamoja tu, duara dogo lililomzunguka Jemima miguuni, na hayo yalikataa kwenda.

Papa Mukuka alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Weye ulikunywa?"

Jemima akatikisa kichwa kukubali. "Kikombe kimoja. Mama wa chini alinipa."

Mbambu akamwinamia. Midomo ya mwanawe ilikuwa imebadilika rangi, na ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyelala majini wiki nzima. "Papa, itatoka namna gani?"

"Kwa macho. Alie pa shimo, machozi iangukie humo. Lakini ni weye mama yake njo unapashwa kufanya alie. Fanya mbio."

Wakamleta ukingoni, na safari hii alikubali kutembea. Mbambu akamfinya. Jemima alitabasamu. Akampiga kofi, la kwanza tangu amzae, na mtoto akamtazama kwa huruma. Akampiga tena, huku mwenyewe analia. Mwanga wa jua ulikuwa umepanda kwenye ukuta na kubaki kama kitambaa kimoja chembamba chini ya dari. Mama Delphine alikuwa anasali rozari, akiruka maneno kwa haraka. Basi Mbambu, kwa kuwa mikono haikusaidia, akatafuta kitu ambacho kingemuumiza mtoto kuliko mikono, na akakipata upesi, na hilo hatajisamehe.

"Jemima, nisikie. Weye haiko mutoto wangu. Nilikuokotaka pa njia. Sikutaki tena."

Midomo ya mtoto ikatetemeka. Kisha akalia, kilio kirefu cha kweli, na machozi yakadondoka shimoni, na safari hii yalisikika yakifika. Duara la maji likanywea kwenye vigae. Ile harufu ya udongo ikaondoka. Mbambu akaanguka magotini akamkumbatia, anambusu nywele, anarudia tena na tena, "Nilidanganya, mwana wangu, nilidanganya tu."

Mama Delphine akafanya ishara ya msalaba. Papa Mukuka hakufurahi. Alikuwa anachungulia shimoni.

"Mama Jemima," alisema kwa sauti ya chini sana. "Uliyasema pa mudomo ya shimo?"

"Weye njo uliniambia nifanye alie."

"Nilifikiri utamupiga. Nilifikiri utamutisha. Sikukuambia umukane."

Chini, kamba ikalia kwenye gurudumu. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, changa, ya adabu, kama ya jirani aliyepewa kitu asichothubutu kukiomba.

"Aksanti, dada. Nitamulea muzuri."

Jemima aliacha kulia papo hapo. Akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akamtazama Mbambu kwa upole, vile mtoto mwenye malezi mema anavyomtazama mgeni.

"Uniachilie mukono, tantine," alisema, kama anayemwita shangazi tu. "Mama ananiita."

Mbambu hakuachilia. Alishika kwa mikono yote miwili, akakaza miguu kwenye vigae vilivyovunjika, na Mama Delphine akamshika yeye kiunoni. Lakini mkono ule mdogo ulikuwa umeanza kulowa, na ulikuwa unateleza.