Kikombe cha Mwisho cha Mjomba Hategekimana

Kila Jumapili baada ya misa, Mukakalisa alifagia ua wao pale Katoyi, akateka maji, kisha akawaogesha wadogo zake. Lakini Jumapili hiyo ua ulijaa wageni. Kitinda mimba wao alikuwa amebatizwa, na baba yake, Harelimana, alikuwa amefungua mtungi mkubwa wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Watu walikunywa, wakacheka, wakacheza. Raha iliyoje!

Katika jamaa yao mgeni haondoki hivi hivi. Hupewa kikombe cha mwisho, kiitwacho cha kung'oa mkuki, maana zamani wageni walichomeka mikuki yao mlangoni. Kukibeba ilikuwa kazi ya Mukakalisa, naye aliionea fahari.

Alasiri mjomba wake Hategekimana aliinuka arudi Rutshuru kwa pikipiki. Akayumba, akaikosa pikipiki, akawaangukia kuku. Wageni wakaangua kicheko.

"Mukakalisa! Leta cha mukuki!" baba aliita.

Msichana alikuja na kikombe mikononi, lakini hakukitoa. Alimpenda mno mjomba wake. Machozi yalimlengalenga.

"Papa, unisamehe. Mujomba amelewa. Nikimupa hiki, hatafika."

Wageni wote wakageuka kumtazama Harelimana.

"Wee mutoto! Unanitia haya mbele ya wageni? Watasema Harelimana ni muchoyo!"

Jirani yao Bagalwa, karani wa mahakama, akasema taratibu, "Muzee, akigonga mama anayetoka soko, sheria haitamuuliza yeye peke yake. Itauliza pia nani alimumiminia akimuona amelewa. Nitaandika jina lako mimi mwenyewe, na nitalia nikiandika."

Baba alimtazama shemeji yake akijipangusa manyoya ya kuku. Hasira zikamwisha. Akachukua kikombe mikononi mwa binti yake, akarudisha pombe mtungini, akaisukuma pikipiki hadi chumbani kwake, akafunga mlango.

"Shemeji, leo unalala hapa."

"Mimi? Niko muzima kabisa!" alisema mjomba, kisha akajilaza mkekani, akaanza kukoroma.

Asubuhi mjomba alikunywa uji, kichwa kikimgonga, akaondoka salama. Baba akamketisha binti yake kando yake.

"Jana ulinitia haya," alisema, "na ninakushukuru. Nilizani ukarimu ni kumimina tu. Kumbe aliyekunywa pombe yangu yuko mikononi mwangu mpaka afike kwake. Mwenye karamu lazima ajue pia kusema imetosha. Na siku nikisahau, binti yangu, unikatalie tena."