Kamba ya Mzee Mstari

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, kama kila Jumamosi asubuhi. Mafundi bomba waligombania viungo, mama mmoja alikuwa akijaribu kufuli la nne, na muuzaji aliwajibu watu watatu kwa mpigo bila kumtazama hata mmoja. Kijana mrefu mwenye madoa ya rangi kwenye viatu aligeuka na mfuko wa chokaa begani. Mfuko ukamgusa dada aliyesimama nyuma yake. Gauni lake la buluu likapata mstari mweupe kutoka begani hadi kiunoni, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

"Mungu wangu! Samahani sana, dada."

Dada alijitazama. "Angalau umenyooka."

"Mistari yangu yote hunyooka. Ndiyo kazi yangu."

"Kuwachora watu?"

"Kuchora uwanja wa mpira, pale nyuma ya shule. Siku nyingine napaka nyumba rangi." Akaiona tepu ya mita thelathini mkononi mwa dada. "Na wewe, tepu yote hiyo? Unapima kiwanja ujenge?"

"Napima viwanja ambavyo watu wanadai wamevipima."

Kijana akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Subiri. Wewe ndiye refa mpya? Tuliambiwa anakuja refa mkali. Tukategemea mzee mwenye kipara na kitambi."

"Kitambi kinakuja. Nipe muda."

Wakabadilishana namba pale pale, kijana akisema ni kwa ajili ya kulipia usafi wa gauni, ingawa dada alikuwa fundi cherehani na hakuhitaji mtu wa kumfulia nguo.

Uwanjani kijana huyo aliitwa Mstari Mdogo, kwa sababu baba yake alikuwa Mzee Mstari. Kwa miaka ishirini na sita mzee huyo alifika uwanjani kabla jua halijachomoza, na debe la chokaa, kigingi kimoja cha chuma na kamba. Kamba ilikuwa ya katani, na alikuwa ameifunga mafundo kwa mkono wake: fundo la boksi dogo, fundo la penalti, fundo la boksi kubwa. Mwanzoni mwa kamba kulikuwa na kitanzi. Aliingiza kitanzi kwenye kigingi katikati ya goli, akavuta kamba, na pale fundo lilipoishia ndipo alipoweka alama. Hakuhitaji msaidizi. Jioni wachezaji walikuwa wameifuta mistari yote kwa viatu, na wiki iliyofuata alianza upya. Hakuwahi kulipwa. Hakuna aliyewahi hata kumpigia makofi, maana watu walipofika mistari ilikuwa tayari ipo, kama vile imeota.

Alikufa mwaka jana. Mwanawe akaichukua kamba.

Sasa kamati ya ligi ilikuwa imetangaza kwamba siku ya fainali, kwa mara ya kwanza, itawatambua marefa na watu wa kujitolea. Majina yangetoka kwenye ripoti za marefa. Jina la Mzee Mstari lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

"Nataka nisikie likisomwa kwa kipaza sauti," kijana alimwambia dada kwenye simu. Walikuwa wamefika kwenye zile simu za kila mchana, yeye juu ya ngazi na brashi mkononi, dada nyuma ya cherehani. "Mara moja tu. Baada ya hapo sitaki kitu kingine duniani."

"Kitu kingine hutaki? Basi nikate simu."

"Aa, mpenzi, nilikuwa naongea kimpira. Kimapenzi nina orodha ndefu."

"Isome."

"Nitaanguka kwenye ngazi."

Wiki ya tano tangu wakutane dukani, ratiba ikampanga dada kwenye uwanja wa nyuma ya shule. Alishuka amevaa jezi yake nyeusi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, nywele amezibana, filimbi shingoni. Mstari Mdogo alimtazama akipita kwenye mistari aliyoichora alfajiri, akajiona tajiri. Kisha dada akatoa tepu, akapima boksi, akapima alama ya penalti. Akarudia.

"Kote kunapungua," alisema taratibu. "Sentimita sabini na mbili."

"Haiwezekani. Hiyo ni kamba ya mzee."

"Njoo usome mwenyewe."

Alisoma. Wachezaji walikuwa wamekwisha kusogea. Kipa mmoja mnene, aliyeitwa Pazia, akapasua kicheko. "Ndiyo maana! Miaka yote nafungwa penalti, kumbe marehemu alikuwa ananisogezea wapigaji mpaka mlangoni! Mzee alikuwa akipima kwa huruma!"

Uwanja mzima ukacheka. Mstari Mdogo alichora upya boksi na alama bila kuinua macho. Alipomaliza alimsogelea refa, akasema kwa sauti ya chini, "Nimesharekebisha. Usiandike."

"Lazima niandike. Ndiyo kazi."

"Nakuomba. Si kwa ajili yangu."

"Nikificha hili kwa sababu nakupenda, siku nyingine nitaficha bao kwa sababu nakupenda. Utaniheshimu vipi?"

Mechi ilipokwisha, refa aliandika sentensi mbili: boksi na alama ya penalti vilipungua sentimita sabini na mbili, mchoraji anatumia kamba ya zamani. Kamati ilisoma, na Jumatano jina la Mzee Mstari likaondolewa. Mwenyekiti alisema hawawezi kumtukuza mtu ambaye pengine amewapotosha kwa miaka ishirini na sita.

Siku hiyo dada alipiga simu mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Kumbe alikosea maisha yake yote," kijana alisema. "Kila alfajiri. Na mimi nilikuwa nikimwona anainama pale, nikidhani naangalia kitu kitakatifu."

"Sikiliza, mpenzi..."

"Kamba nimeitupa stoo ya uwanja. Tafuteni mtu mwenye tepu."

Akakata.

Ijumaa dada alikwenda stoo. Kamba ilikuwa juu ya nyavu mbovu. Alikaa juu ya debe akaivuta mkononi polepole, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukikata. Ncha ya mwisho ilikuwa imechakaa, nyuzi zimechanuka kama ndevu. Alipofika mwanzo, akafungua kitanzi. Hapo mkono ukasimama.

Nyuzi zote zilikuwa sawasawa, ncha safi, kama kola mpya.

Fundi cherehani hachanganyi kilichokatika na kilichokatwa. Kilichokatika huachia uzi mmoja mmoja, kwa kuchoka. Kilichokatwa huachia mara moja. Kamba hii haikukatika. Kuna mtu alishika kisu.

Kabla ya kwenda popote alimtafuta Pazia. "Niambie ukweli wako, kipa. Penalti zilianza kukushinda lini?"

Pazia alikuna kichwa. "Mwaka jana hivi. Kabla ya hapo nilikuwa nadaka, uliza mtu yeyote. Tangu tumemzika mzee sijadaka hata moja." Alipojisikia akisema hivyo, uso ukambadilika. "Ala."

Jumamosi asubuhi dada alikuwa mbele ya nyumba ya kina Mstari. Kijana alikuwa kazini, anapaka madarasa rangi. Aliyekuwepo ni shangazi yake, mama mfupi wa kitenge cha zambarau, aliyekuwa akichambua mboga barazani na kuzungumza tangu mgeni yuko mbali.

"Wewe ndiye refa? Karibu, mwanangu. Kumbe mzuri hivi! Huyu mtoto anavyolia na rangi zake nilidhani ameachwa na malaika. Kaa hapo."

"Asante, shangazi. Nina swali la ajabu kidogo. Wakati wa msiba, kuna mtu aligusa kamba ya mzee?"

"Kamba?" Shangazi aliacha mboga. "Kamba ipi? Ile ya uwanjani? Si nilikata kipande tu! Jua lilikuwa linawachoma waombolezaji, turubai linapepea, wanaume wamesimama wanashauriana kama bunge. Nikasema nyie endeleeni na mkutano. Nikaona kamba imening'inia ukutani, nikakata, nikafunga. Kipande kidogo tu, jamani. Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya, shangazi. Kiko wapi sasa?"

"Si hicho hapo nyuma yako! Nafungia geti."

Dada aligeuka. Kipande cha katani kilikuwa kimezungushwa kwenye nguzo ya geti, kimepauka kwa jua, na mwisho wake kina kitanzi cha zamani, kimelainika kwa kuvaliwa na chuma miaka ishirini na sita. Ndicho alichokifungua yeye mwenyewe alipoingia. Ndicho Mstari Mdogo alichokifungua kila asubuhi akienda kazini.

Hakukigusa. Akakaa.

"Shangazi, niazime simu yako. Yangu hapokei."

Simu iliita mara mbili. "Naam, shangazi."

"Si shangazi."

Ngazi ikasikika ikilia.

"Usikate," dada alisema. "Tafadhali usikate. Kimeshakatwa cha kutosha."

"Unafanya nini kwetu?"

"Njoo nyumbani. Ukifika getini, simama kabla ya kufungua. Angalia unachokishika."

Alifika akiwa na rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi. Wakamwona anasimama nje ya geti, mkono umeinuka. Akakishika kitanzi. Akakiangalia muda mrefu. Kidole gumba chake kilipita ndani ya kitanzi, mahali baba yake alipopitisha kidole kila alfajiri.

"Nilipoichukua baada ya msiba haikuwa na kitanzi," alisema. "Nikadhani kimelika kwa uzee. Nikafunga changu."

"Hakikulika."

"Ni mimi, baba," shangazi alisema, na sasa hakuwa na utani hata kidogo. "Nilifunga kivuli cha watu waliokuja kumlilia. Sikujua nimeikata kazi yake."

"Usilie, shangazi. Nawe ulikuwa unafanya kazi."

Dada alitoa sindano ya magunia kwenye mkoba. Hakufunga fundo, maana fundo lingekula urefu. Alizikutanisha zile ncha mbili, uzi kwa uzi, zikaingiana kama meno, akazishona. Kijana alishika kamba, naye akashona. Kisha wakaitandaza uani. Dada akaweka tepu kando yake, kutoka kitanzi hadi fundo la penalti, akainama.

"Soma," alisema.

Mita kumi na moja, kama sheria inavyotaka. Si zaidi, si pungufu, hata kwa upana wa ukucha.

Kijana alipiga magoti. Mtu asiyemiliki tepu, aliyefunga mafundo hayo kwa mkono ambao hakuna aliyeutazama, alikuwa sahihi. Kila alfajiri alikuwa sahihi.

Jumapili, saa chache kabla ya fainali kuanza, refa alimpelekea mwenyekiti kamba, tepu na karatasi.

"Ripoti ikishaandikwa haifutwi," mwenyekiti alisema.

"Sitaki ifutwe. Niliyoyapima siku ile ni kweli. Nataka iongezwe."

Mwenyekiti akasoma, akapima mwenyewe mara mbili, akavua kofia.

Watu walipojaa, majina yakasomwa. Mama anayefua jezi za timu nne alitembea hadi mbele akitazama chini, kana kwamba anatafuta sarafu iliyodondoka. Washika vibendera wawili walisimama wameshikana mikono. Refa mwenyewe aliitwa, akapokea cheti chake kwa mikono miwili. Mwisho kabisa mwenyekiti aliinua orodha karibu na macho, maana jina la chini liliandikwa kwa kalamu.

"Mzee Mstari. Miaka ishirini na sita. Hakukosea."

Hakuna aliyepiga makofi. Pazia alivua glovu zake, akaziweka chini. Watu waliitazama ile mistari chini ya miguu yao, na wengine wakasogea nyuma kidogo, wasiikanyage. Shangazi alifunika uso kwa kitenge.

Alama moja ya penalti ilikuwa imeachwa bila kuchorwa. Mstari Mdogo alitoka na debe la chokaa na kamba, shati jeupe, viatu bado vina madoa. Kigingi hakuwa nacho.

"Kigingi kiko wapi?" refa alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekiacha nyumbani. Shika hapa wewe." Akampa kitanzi.

Dada alipiga goti kwenye mstari wa goli, akakiingiza kidoleni. Kijana akarudi nyuma hatua kwa hatua, kamba ikanyooka kati yao.

"Nishike mpaka lini?" dada aliuliza.

"Mpaka nikwambie uachie."

"Na usiponiambia?"

"Sina mpango wa kukwambia."

Refa alitazama saa yake, akawatazama wachezaji ishirini na wawili wanaomsubiri, akamtazama tena mtu aliyekuwa mwisho wa kamba.

"Weka alama," alisema. "Nimeshika."