Kuvuta Kutoka Kilakala

SAA 4:10 ASUBUHI. Gereji ya Laurenti, chumba cha nyuma.

Watu watatu. Kompyuta moja juu ya boneti kuukuu.

"Saa saba kasoro walinzi wanaenda swala ya Ijumaa," alisema Stambuli, mkuu wa genge. "Shadya anaingia kama fundi wa intaneti. Tunanakili hati zote za mashamba ya mlimani kabla kampuni inayoyataka haijazipoteza."

Laurenti alikaza taya. Shamba la kabichi la mama yake, Magdalena, lilikuwa humo.

"Tunasukuma," Stambuli aliendelea. "Seva yao itatuletea kila badiliko yenyewe."

"Hapana, kaka," alisema Shadya. "Ikisukuma, usukani uko kwao. Wakifuta, na kwetu kunafutika hapohapo. Tuvute. Mashine yetu ifuate data tukitaka sisi. Tukikata, imekatwa."

"Kuvuta kunachelewa."

"Bora kuchelewa."

Stambuli alipiga boneti ngumi. "Nani mkuu hapa? Tunasukuma. Basi!"

Shadya alimtazama. Tangu lini huyu anajali mambo ya seva?

SAA 6:52 MCHANA. Ofisi ya kampuni, Kilakala.

Chumba cha seva kilikuwa baridi. Vidole vya Shadya vilikimbia. Simu ikatetemeka. Stambuli.

"Umeweka kusukuma?"

"Nimeweka."

Alikata, akampigia Laurenti, aliyekuwa ndani ya pikapu na kompyuta mapajani.

"Vuta."

SAA 7:19.

"Zimeingia zote," Laurenti alisema kwenye simu.

"Zima mtandao. Ondoka."

"Na wewe je?"

"Ondoka, Laurenti!"

SAA 7:23.

Mlango ulipigwa teke. Walinzi wawili. Meneja. Nyuma yao, Stambuli.

"Umetuuza," alisema Shadya.

"Wamenipa kiwanja, dada. Kila mtu na maisha yake."

Meneja aliinamia kibodi. Akafuta hati za mlimani, moja baada ya nyingine.

"Na kwao?" aliuliza.

"Kumefutika, bosi," alijibu Stambuli. "Inasukuma."

Shadya alicheka. Kofi la mlinzi likampasua mdomo. Akacheka tena.

"Nilivuta, mjinga wewe. Mlichofuta ni chenu tu."

Stambuli alimpigia Laurenti. Haipatikani. Akapiga tena.

SAA 10:40 JIONI. Kituo cha polisi.

Kule mjini Gairo, Laurenti alikuwa kwenye duka la kuchapa, mashine ikitema hati. Shadya hakulijua hilo. Askari alimsukumia karatasi na kalamu.

"Andika majina ya wenzako wote."

Juu aliandika "Wenye mashamba ya mlimani", kisha jina la Magdalena. Chini yake, la jirani yake. Kisha wenye mashamba wengine, kila aliyemkumbuka kutoka kwenye kioo cha seva. Ukurasa ukajaa.

"Afande," alisema, akifuta damu mdomoni. "Niongezee karatasi."