Doti ya Kioo

Mashine ilikuwa inaandika maisha ya Bi Zaituni, na Bi Zaituni mwenyewe alikuwa anakunywa chai. Pale Jumba la Vioo, Morogoro, kazi hiyo haikuzidi muda wa kikombe kimoja. Sindano ya mwanga, nyembamba kuliko unywele, ilipita ndani ya vioo viwili kwa mpigo, ikichonga nukta zisizoonekana kwa macho: picha za harusi, vyeti vya ukunga, barua, sauti za wajukuu, miaka sabini na miwili yote. Ilipozimika, vikatoka vipande viwili vya ukubwa wa sahani ndogo, vyeupe, sawasawa mpaka kwenye kona. Havikutaka umeme wala betri. Vingekaa miaka elfu na bado vingesomeka.

Jamani, wale mabibi wa zamani waliopoteza picha zao zote kwa simu kudumbukia chooni, wangeiona mashine ile wangelia kwa wivu.

Aliyeibuni ni Injinia Siwema Mkude, na vioo vyake aliviita doti, maana wazo lilimjia akimtazama mama yake akikata kanga. Kanga huja mbili, unazitenganisha, moja unabaki nayo, nyingine unampa umpendaye. Basi na vioo vivyo hivyo. Nakala ya kwanza ya maisha yako ilikaa winguni, kwenye maghala ya mtandao. Ya pili ilikuwa kioo cha nyumbani. Ya tatu ilikuwa kioo pacha, kwa mtu wa mbali, ili nyumba ikiungua visiungue vyote. Kila mwaka pacha hao walilazwa pamoja kwenye sahani ya kusomea, na yaliyoongezwa kwenye kimoja yakahamia kwa mwenzake. Zoezi hilo liliitwa kukutanisha.

“Pacha utampa nani?” Siwema alimuuliza Bi Zaituni, kama alivyowauliza wateja wote.

“Huyu hapa.” Bi Zaituni akamgusa begani shoga yake aliyemsindikiza. “Akitangaza siri zangu, na mimi natangaza zake.”

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yule shoga akafuta macho, akauliza, “Na wewe Injinia, chako anacho nani?”

“Dada yangu. Ni doti ya kwanza kabisa niliyoijaribia, ya maisha ya mama yetu.”

“Ehee! Na mnakutanisha lini?”

Siwema akajifanya anapangusa mashine. Alikuwa hajasemezana na dada yake kwa miaka tisa.

Baba yao alifariki alfajiri ya siku ile ile ambayo Siwema alikuwa aionyeshe mashine yake kwa mara ya kwanza, mbele ya wageni kutoka nchi kumi na nne. Maonyesho yalikuwa saa nane mchana. Maziko kule Matombo yalikuwa baada ya alasiri, maana kwao maiti hasubirishwi. Siwema akajiambia atawahi vyote viwili. Hakuwahi. Alifika kaburi limeshafukiwa, na dada yake mkubwa, Mwanahawa, akamwambia mbele ya waombolezaji, “Rudi kwa vioo vyako.” Siwema akarudi kweli, tena akamchukua na mama yao akaishi naye mjini. Kila mmoja akakaa na kiburi chake.

Bi Zaituni na shoga yake walipokuwa wanaaga, simu ikaita. Alikuwa Daktari Lusajo wa hospitali.

“Injinia, lile faili la mama yako ni tupu.”

Mama yao, Bi Tausi, alikuwa amepatwa na maradhi ya usahaulifu, na Jumatatu alichomwa sindano ya kulainisha ubongo. Alhamisi angelazwa kwenye kitanda cha kumbukumbu, chombo cha ajabu kinachomsomea mgonjwa maisha yake mwenyewe, sauti kwa sauti, picha kwa picha, mpaka ubongo uyashike upya. Lakini sindano ikishachomwa hairudi nyuma. Asiposomewa kitu kufikia Alhamisi, hata kidogo alichobakiwa nacho kingefutika.

Siwema alifungua wingu. Tupu. Wingu lile lilikuwa tiifu kupita kiasi: ulichofuta mkononi mwako, nalo lilikifuta, na baada ya siku thelathini hakikurudi tena. Siku arobaini nyuma, Bi Tausi akichezea kishikwambi chake alibonyeza futa, futa, futa. Mwenye kumbukumbu ndiye aliyezifuta.

Siwema akakimbilia nyumbani, akafungua kabati. Kioo cha maisha ya mama yake hakikuwepo.

“Mama, kile kioo chako cha humu kabatini?”

“Kile kifuniko?” Bi Tausi alikuwa jikoni, anapepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi. “Kimenipasukia, mama. Niliinjika maharage nikayafunikia, kilipopata moto nikakimwagia maji ya baridi, kikalia paa! Vyombo vya siku hizi havidumu kabisa.”

Siwema alicheka, na kicheko hakijaisha akajikuta analia. Kioo cha miaka elfu kimeuawa na maharage.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, alipanda kigari cha waya kinachopita juu ya Milima ya Uluguru, akashuka Matombo.

“Hodi.”

“Nani?”

“Siwema.”

“Siwema gani?”

“Dada, mimi.”

Mlango ukafunguliwa. Mwanahawa alikuwa na mvi kichwa kizima, na mikono yake ilinukia mdalasini aliokuwa akiumenya.

“Shikamoo, Dada.”

“Marahaba. Umekonda. Leo mlima umekuwa mfupi?”

“Nimekuja kwa ajili ya Mama.”

“Ungesema umekuja kwa ajili yangu ningekuita muongo.”

Siwema akamweleza yote akiwa amesimama pale pale mlangoni. Mwanahawa aliingia ndani, akarudi na furushi la kanga nyekundu. Siwema aliitambua, kanga pacha wake alikuwa nayo yeye mjini, mama yao alikata doti hiyo mwenyewe akawagawia. Ndani ya kanga, kioo pacha kilikuwa kinang'aa.

“Nakipangusa kila Ijumaa,” alisema Mwanahawa. “Sijui kama kinataka kupanguswa. Hukuniachia maelezo.”

“Dada, siku ile ya Baba...”

“Tutayaongea. Mama kwanza.”

“Kuna kitu lazima ujue.” Siwema alikishika kioo kwa mikono miwili. “Hakijakutanishwa miaka tisa. Kinaishia mwezi mmoja kabla ya...”

“Kabla Baba hajafa.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo Mama akiamka, hatajua.”

“Hatajua.”

Mwanahawa alifunga mlango wake kwa komeo, akajitanda kanga ile nyekundu. “Twende.”

Alhamisi kitanda kilifanya kazi saa sita mfululizo. Haki ya Mungu, kazi ile ilikuwa nzuri. Siwema aliona uso wa mama yake ukijaa kidogo kidogo, akitabasamu kwa harusi ya mwaka gani sijui, akimkaripia usingizini mbuzi aliyekula mahindi. Bi Tausi alipofumbua macho, yalikuwa macho yake yale ya siku zote, makali na ya utani.

“Siwema. Mwanahawa.” Aliwataja bila kusita, na Daktari Lusajo akageuka dirishani kuficha machozi. “Mwanahawa, mvi zote hizo umezitoa wapi? Jana tu hukuwa nazo. Na nyie mbona mmekaa mbalimbali, mmegombana?”

“Hapana, Mama,” wakajibu kwa pamoja, wakasogeleana.

Bi Tausi akatazama huku na huku. “Baba yenu yuko wapi? Amekula?”

Siwema akamshika mkono. Ilikuwa zamu yake, aliona hivyo. Alikuwa na deni la miaka tisa. Akafungua mdomo, ndipo akagundua kwamba hajui. Hakujua kama siku ile kulinyesha au kulikuwa na jua. Hakujua nani alimwosha Baba, nani aliingia kaburini kumpokea, wala maneno yake ya mwisho alimwambia nani. Hakukuwa na kioo kilichoandikwa siku ile, na wingu halikuwa nayo. Nakala ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa imekaa kando yake, inanukia mdalasini.

“Dada,” alisema, akimgeukia Mwanahawa. “Tusimulie. Na mimi sikuwepo.”