Sauti ya Nne Katika Wimbo wa Majivu

Jumamosi ile nilikuwa napalilia mpunga wetu kule Tindiga, matope hadi magotini, na akili yangu yote ilikuwa kwenye magugu. Nawaambia hivi ili mjue kwamba sikuamka siku hiyo nikitafuta mambo ya kutisha. Mdogo wangu Pastory alifika na pikipiki, akaiegesha juu ya tuta, akashuka huku anacheka peke yake. Mkononi alikuwa na simu na waya wa kusikilizia.

"Dada Marciana, nawa mikono usikie kitu," alisema.

Pastory alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kigango chetu, na mimi naimba sauti ya pili humo humo. Tangu Krismasi alikuwa akienda Mikumi kila mwisho wa wiki kupiga muziki na vijana wenzake wawili, wakajiita Majivu. Muziki wenyewe wanauita bleki metali ya simfonia. Kwa asiyeujua, magita yanakimbia kama yanafukuzwa, ngoma zinamiminika kama mvua ya mawe juu ya bati, mtu anakoroma badala ya kuimba, na juu ya zogo lote hilo kinanda kinaleta fidla, tarumbeta na kwaya kubwa ya watu wazima. Nilijiandaa kumcheka. Badala yake vinyweleo vya mikono vilinisimama, na wakati huo haikuwa hofu. Ulikuwa uzuri tu.

Kisha nikaisikia ile besi chini ya kwaya. Nikachomoa waya sikioni.

"Huyo ni Bonifas," nilisema.

Pastory akatazama pembeni. "Sekunde ishirini tu, dada. Nimemkata, nikamrudiarudia. Goodluck wa Majivu alitaka besi ya mtu wa kweli, na mimi nilikuwa nayo."

Hapa lazima niwaeleze utaratibu wetu. Kwaya ya watu wa mashamba haiwezi kukutana kila siku. Kwa hiyo ukija wimbo mpya, kiongozi wa kila sauti anajirekodi peke yake, anaituma kwenye kundi la simu, nasi tunajifunza huku tunalima. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza ili mwanafunzi aurudie, kisha anakwenda mstari unaofuata. Bonifas aliongoza sauti ya nne kwa miaka tisa. Masika ya mwaka juzi mto ulimchukua akivusha ng'ombe. Siku ya kuanua matanga, Mwalimu Wenceslaus anayetufundisha alitusimamisha uani kwa marehemu, kila mtu na simu yake, akatuamuru tufute rekodi zote za Bonifas. Wazee wetu waliohamia huku kutoka Kanda ya Ziwa walikuwa wakichoma daftari la nyimbo la kiongozi aliyekufa. Sisi tunafuta. Mwalimu anasema marehemu akiachwa afundishe, ataendelea kungoja wanafunzi. Letisia, mjane wa Bonifas, alifuta akilia hadi wanawake wakamshika.

Pastory hakufuta. Alikuwa na rekodi za sauti zote nne kwenye memori kadi, za kupangia kinanda chake, akasahau. Au alijisahaulisha, Mungu ndiye anayejua.

Wimbo ukasambaa, na kila mtu akawa na lake la kusema. Mwalimu Wenceslaus aliuita ibada ya kuzimu na akamwondoa Pastory kwenye kinanda. Vijana wa Kilosa mjini walisema afadhali mtu amefanya kitu tofauti na singeli. Fundi pancha mmoja wa Mikumi alisema unafanana na lori linaloshuka mlima bila breki, lakini aliupiga kutwa nzima kwenye spika yake. Mama yetu, Domina, yeye hakujali makelele. Alisema ng'ombe akitaka kuzaa anapiga kelele kuliko hao. Alichouliza ni kimoja tu, yule marehemu aliombwa na nani aje kuimba?

Mimi nilisema ni muziki mzuri wenye kosa moja. Nikamwambia Pastory amtoe Bonifas humo. Akaniahidi. Nilikuwa najua kabisa kwamba hatamtoa, na sikumfuatilia, kwa sababu hata mimi nilikuwa naupenda.

Letisia peke yake ndiye hakutoa maoni. Aliupata wimbo kwa binti yake, akawa anausikiliza tangu anapowasha moto asubuhi. Ukipita kwake ulikuta simu imefungwa kwenye kanga kifuani, inaimba.

Wa kwanza alikuwa Lusekelo, mpiga ngoma. Jumatatu sauti ilimkwaruza, Jumatano ikakatika, Ijumaa pumzi nazo zikakatika. Madaktari walisema mapafu yake ni safi kabisa. Tulimzika kwao Malolo Jumamosi. Pastory alirudi kutoka mazikoni kimya, akala ugali nusu, akasema kilichomuua Lusekelo ni kifua tu, vumbi la barabarani.

Jumanne Goodluck, kiongozi wao, akatuma meseji. "Njooni. Sauti imekata."

Tulifika Mikumi saa sita mchana, malori yananguruma barabara kuu. Goodluck alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, shingo ameizungushia taulo. Yeye ndiye aliyekuwa akikoroma kwenye wimbo. Sasa hakuweza hata kutukaribisha. Alichukua daftari akaandika kwa kalamu, "Angalieni."

Kwenye kioo kila chombo kilikuwa na mstari wake. Gita, ngoma, fidla. Akaweka kidole kwenye mstari wa Bonifas. Pastory alikuwa ameweka vipande vya sekunde ishirini ishirini, vyenye mapengo katikati. Mapengo hayakuwapo. Bonifas alikuwa akiimba tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

"Umeongeza?" Pastory alinong'ona.

Goodluck akatikisa kichwa. Akashuka chini kwenye mstari mwingine usio na jina. Akazima vyombo vyote akaubakiza huo na wa Bonifas.

Bonifas aliimba mstari mmoja, akanyamaza. Kijana mmoja akaurudia. Bonifas akaimba wa pili. Kijana akaurudia, taratibu, kama mtu anayejifunza huku analima.

Alikuwa Lusekelo. Lusekelo ambaye tulikuwa tukimtania kwamba hata kwenye sikukuu ya kuzaliwa huwa anapiga makofi tu, haimbi. Alikuwa akiimba vizuri.

Chini ya hapo palikuwa na mstari wa tatu. Ulikuwa mtupu, lakini mwishoni kulikuwa na alama ndogo. Goodluck akaupiga. Mtu alivuta pumzi ndani, kama tunavyovuta kabla ya kuanza. Basi.

Goodluck aliandika, "Hii ni yangu."

Alifuta kila kitu mbele yetu. Akafuta kwenye kompyuta, akafuta kule mtandaoni walikokuwa wameuweka. Tuliketi pale hadi jioni nikipiga simu, namba baada ya namba, nikiomba watu waufute. Wengi walikubali haraka, maana habari za Lusekelo zilikuwa zimeenea. Fundi pancha aliufuta mbele ya macho yangu. Goodluck akaandika, "Bado nani?"

Pastory akafungua mdomo kutaja jina. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo.

Hatukuwa tumefika nyumbani tulipopigiwa simu kwamba Goodluck amefariki. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, nimemkumbatia mdogo wangu kiunoni, nikamwambia sikioni. Hakusimama. Aliendesha tu.

Jumatano nilimpeleka Kilosa hospitalini. Mapafu safi, walisema, apumzike. Alhamisi asubuhi sauti yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amelala ubavu kitandani kwa mama, anavuta pumzi fupi fupi, macho yananifuata kila ninapokwenda. Aliandika kwenye kiganja changu kwa kidole. L. E. T. Katika simu zote nilizopiga sikuwa nimemkumbuka Letisia.

Nikakimbia.

Letisia alikuwa uani anapepeta mchele. Simu ilikuwa kifuani mwake, imenyamaza.

"Dada Letisia," nilisema, "nakuomba ufute ule wimbo. Umebaki kwako tu."

Aliendelea na ungo wake. "Mlinifutisha mara ya kwanza," alisema polepole. "Mlisimama hapo hapo ulipo. Nikafuta. Marciana, ulishawahi kusahau sauti ya mtu uliyelala naye miaka kumi na minne? Nilikuwa nimeshasahau alivyokuwa anaita jina langu."

"Pastory anakufa."

"Nimesikia."

Nilipiga magoti kwenye pumba. Nikamshika miguu. Niliahidi ndama wetu, niliahidi kumlimia shamba lake hadi uzee, nilisema maneno ambayo hata padri siwezi kumwambia. Nililia kama mtoto. Yeye naye alikuwa akilia, bila sauti, mchele unamwagika kutoka kwenye ungo. Mwishowe alitia mkono kwenye kanga akatoa simu.

"Mara moja," alinong'ona. "Nimsikilize mara moja ya mwisho. Kisha nafuta mbele yako."

Nikakubali. Kila siku najiuliza kwa nini. Wimbo wenyewe ulikuwa dakika tano, na nilikuwa nimempigia mwanamke magoti, nikaona siwezi kumnyima mume wake dakika tano.

Akaubonyeza. Magita yakaanza kukimbia. Ngoma zikamiminika. Ikaja kwaya.

Bonifas akaimba. Letisia akafumba macho.

Lusekelo akafuata.

Akaja Goodluck. Hakuwa anakoroma. Alikuwa anaimba, sauti nyororo ya mvulana.

Kisha vyombo vyote vikanyamaza. Nikasikia mtu anavuta pumzi.

Ikaingia sauti nyingine. Sauti ile niliibeba mgongoni ikililia maziwa, mama akiwa shambani. Niliifundisha kusema maji. Niliifundisha kusali.

"Zima," nilisema.

Letisia alikuwa anatabasamu, amefumba macho.

"Zima, dada. Zima."

Ng'ambo ya korongo, nyumbani kwetu, mama alipiga yowe.

Tulimzika Pastory Jumamosi, nyuma ya nyumba, karibu na baba. Letisia alikaa nyuma ya watu wote. Baada ya watu kutawanyika alinijia, akaniwekea simu yake mkononi. Alikuwa amekonda ghafla, uso umekuwa mdogo.

"Futa wewe," alisema. "Mimi sina haki tena."

Nilikwenda nayo nyuma ya zizi. Kidole kilikuwa tayari. Nilichotaka ni mstari mmoja tu, nimsikie mara moja, basi. Nikamsikia. Aliimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba akiwa hai. Nikautuma kwenye simu yangu, nikaufuta kwenye simu ya Letisia, nikamrudishia.

"Nimefuta," nilimwambia.

Akaitia kwenye kanga. Kisha akashika njia ya kwake. Sidhani kama aliniamini, na siku ya kuanua matanga ya Pastory, Mwalimu Wenceslaus alipotuambia tuinue simu zetu juu kuonyesha kwamba tumefuta, Letisia peke yake ndiye aliyekuwa akiniangalia mimi na siyo simu.

Sasa namwelewa yule mwanamke kabisa. Nilikuwa namwona mbinafsi, namwona hana huruma. Nausikiliza asubuhi, nausikiliza shambani, nausikiliza kabla ya kulala nikiwa nimejifunika shuka. Naujua ubaya wake. Sihitaji kuelezwa na mtu. Kila nikitaka kubonyeza pale pa kufuta, Pastory anaanza mstari wake, nami nasema basi amalize kwanza. Wiki iliyopita wimbo ulirefuka. Akimaliza ananyamaza kidogo, na unyamavu huo una urefu kamili wa mstari wa sauti ya pili.

Juzi koo lilianza kunikwaruza. Jana nikaizima simu, nikaifunga ndani ya sanduku la nguo, nikaenda shamba bila hiyo.

Leo asubuhi nimetoka nje, mama amekaa jikoni, amenipa mgongo, anapuliza moto. Kwetu hakuna anayegusa hata maji kabla hajamwamkia. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, ikatoka hewa tu.

Ndani ya nyumba, kutoka kwenye sanduku, sauti yangu ikasema, "Shikamoo mama."

Mama hakugeuka.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.