Moshi wa Ferista

Adhuhuri ile jiko la chumvi la Ferista lilitoa moshi, lakini moshi haukupanda. Ulishuka. Ulitambaa kuzunguka pipa la maji ya chumvi, ukalala chini kana kwamba mtu anaukandamiza kutoka juu, na upepo, jamani, haukuwepo hata wa kutikisa jani. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya taa.

Ferista akajua ni nani. Angeachaje kujua?

Wiki tatu nyuma, tajiri mmoja wa Tunduma alikuwa anakuja Ivuna kumzika mama yake, kwa helikopta yake mwenyewe, maana mvua ilikuwa imekata barabara. Mwenyekiti wa kitongoji akawapitia wapika chumvi wote: zimeni majiko, moshi uwe mmoja tu, wa Jonasi pale uwanja wa shule, ili rubani ajue pa kutua. Wenzake wakazima. Ferista naye akaitikia, "Sawa, mwenyekiti," kwa adabu zote, halafu akachochea. Maji yake yalikuwa yameanza kuganda pembeni, na chumvi ukiiacha ipoe katikati inatoka chungu. Dakika kumi tu, alijiambia. Mbishi yule!

Helikopta ikaufuata moshi wake. Ikashuka, pangaboi likagonga mkwaju ulio nyuma ya nyumba yake, mafuta yakamwagika yakinuka kama mafuta ya taa, na tajiri na rubani wake wakafia mle ndani. Watu walipofika mbio kutoka msibani, Ferista alishamwaga maji jikoni na kufukia majivu.

Lawama ikamwangukia Jonasi, mdogo wa marehemu mumewe. Mlevi kidogo, ndiyo, lakini siku ile hakuwa ameonja kitu. Wakamwambia amewasha moto huku kwenye chumvi kwa uvivu wa kutembea mpaka shuleni. Majivu yake ya shuleni yalishasombwa na mvua ya jioni. Aliapa mpaka sauti ikakauka, na Ferista alikuwa amesimama palepale, akisikiliza.

Moshi uliposhuka siku ya tatu mfululizo, Ferista akaenda Kamsamba kwa Nyanzobe, mganga wa Kisukuma. Bibi yule akamnusa kanga, akarudi nyuma.

"Huyu hakutumwa na mtu," alinong'ona. "Anatafuta pa kutua. Wewe ndiye uliyemwita."

"Nifanyeje, bibi?"

"Zima jiko. Kisha useme mbele za watu moto ulikuwa wa nani."

"Wataniua!"

"Basi atatua."

Ferista akafanya nusu. Jiko alizima, akawa anakula viazi vya kupewa na jirani. Siku nane kimya. Jumapili akaimba kanisani kwa sauti kubwa, bila haya.

Siku ya tisa, saa sita mchana, Jonasi akaingia uani na begi.

"Shemeji, naondoka. Naenda Tunduma kubeba mizigo mpakani. Hapa hata watoto wananirushia mawe." Akalihamishia begi mkono wa pili. "Ni wewe tu ambaye hujanisema vibaya. Nimekuja kukushukuru."

Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi. Mungu shahidi, alitaka kusema.

"Safari njema, shemeji," akasema, na pamoja na neno hilo ukamtoka moshi kinywani, mweupe, wenye harufu ya chumvi mbichi, akajiziba kwa kanga ukapenya kwenye kanga, akauma meno ukapita katikati ya meno na puani, na safari hii haukushuka bali ulipanda wima, ukaupita mkwaju, mpaka pale ambapo yeyote aliye angani angeuona, na kutoka upande wa Tunduma ikaanza kusikika ngurumo ya kukatakata, ta-ta-ta-ta, ikija.

Jonasi aliutazama moshi, kisha akamtazama yeye. Begi likamponyoka.

"Shemeji," alinong'ona, "kumbe ni wewe?"

Hata hapo, jamani, hata hapo, Ferista akatikisa kichwa kukataa.

Juu hakukuwa na kitu, jua tupu. Lakini kivuli kiliingia uani, kikizunguka kama pangaboi, kikasogea taratibu mpaka alipo Ferista, kikatulia juu yake.